Video ya maharusi ukumbini Chake: nyuma niweke muziki gani?

BintiKarafuu

Asalam aleikum wana jamvi. Nna shughuli: mdogo wangu wa kiume anaoa baada ya Idi, na mimi ndiye niliyetupiwa kazi ya video. Si ile ya kurikodi harusi, hiyo ina watu wake. Hii ni ya kuwaeleza maharusi wenyewe, inaoneshwa ukumbini Chake, Pemba, watu wakishakaa, kabla biharusi hajatolewa. Nikaha itasomwa msikitini Wete, usiku ukumbini ni wanawake watupu.

Mdogo wangu ni mtoto wa Wete, mwenzake wa Mkunazini, Unguja. Walikutana chuoni SUZA, Tunguu. Nna picha arubaini hivi, tangu zile za studio za utotoni zenye pazia la maua nyuma mpaka za mwaka huu. Nna klipu ya meli ikifunga gati Mkoani, kwa sababu huyu kijana miaka yote ya chuo alikuwa akirudi nyumbani kwa meli na mwenzake anamsindikiza mpaka bandarini Malindi. Na kubwa kuliko yote, nna sauti ya bibi yetu. Nilimrikodi kwa simu akisimulia mjukuu wake alivyokuwa akijilaza juu ya karafuu zilizoanikwa, anafukuzwa anarudi, mpaka shati likafuliwa na kufuliwa na harufu haitoki. Bibi anasema Kipemba chake hasa, hana haraka, na katikati anacheka mwenyewe.

Sasa muziki. Biharusi anataka Bongo Fleva ya mapenzi, kila siku ananitumia wimbo mpya. Mama anataka taarabu, anasema harusi bila taarabu ni khitma. Ami yetu, ambaye ndiye aliyesimamia posa, kasema wazi vinanda, hizi ala kama udi na fidla, hataki visikike kwenye jambo lenye jina lake. Ukumbini hatoingia, lakini video ataoneshwa tu, huku kwetu hakuna kinachofichika.

Nimejaribu kuweka taarabu moja ya zamani chini ya maneno ya bibi, bibi hasikiki. Nikiipunguza, inakuwa kama redio ya jirani. Kwa aliyewahi kufanya: niweke wimbo mmoja mwanzo mwisho au nikate kate? Na hizi nyimbo za kushusha mtandaoni zina matatizo? Naediti kwa CapCut kwenye simu, laptopu sina.

FundiPicha_Chake

Waaleikum salam dada. Kazi hii ndiyo inayonilisha, hapa Chake na Unguja nikiitwa, kwa hiyo univumilie nikirefusha.

Anza na bibi. Wanaonilipa wengi wanakuja na picha mia mbili na hawana hata sauti moja ya mtu wa nyumbani. Wewe unayo, usiifunike. Mtu akishakuwa anasema, wimbo wowote wenye maneno chini yake unagombana naye. Sikio halifuati maneno mawili ya Kiswahili kwa pamoja, litachagua moja, na aghlabu litachagua lile lenye lahani, yaani linaloimbwa. Hapo Bongo Fleva ya wifi yako na taarabu ya mama zote zinatoka, si kwa ubaya wake. Chini ya bibi weka ala tupu, au usiweke kitu kabisa.

Ningekuwa mimi, video inafunguka bila muziki. Honi ya meli, wachukuzi wanapiga kelele gatini, sekunde saba au nane tu. Kama klipu yako haina sauti nzuri, mtu yeyote anayepanda meli wiki hii akurikodie, simu aishike kifuani, asiitie mfukoni. Halafu bibi, sauti yake peke yake juu ya picha ya karafuu kwenye jamvi. Watu watanyamaza wenyewe kwa sababu hawakutarajia kumsikia bibi wa mtu kutoka spika za ukumbi. Mwache asimulie, mwache acheke, kicheko kiishe chote. Kikishaisha ndio muziki uingie, na picha ya kwanza ya utotoni itoke nao pamoja. Wengi wanaupandisha muziki juu ya kicheko, na hapo ndipo kitu kizima kinapokufa.

Muziki gani? Mama anataka taarabu, mpe bashrafu. Taarabu ya asili hufunguliwa kwa bashrafu, ala zinasema bila mwimbaji: kanuni, udi na fidla za nyuzi, nai ya kupuliza, na ngoma ya dumbaki. Vikundi vyetu vikongwe vinazo, Ikhwani Safaa waliopo tangu 1905, na Culture Musical Club tangu 1958. Haina maneno, kwa hiyo haina mpasho, haina mapenzi yaliyovunjika, haina jina la mwanamke mwengine. Na kila mwanamke wa makamo mle ndani atajua yuko harusini Zanzibar, hayuko kwenye tangazo la benki. Hizi "ala za harusi" za mtandaoni zenye piano na violini za kulia lia mimi zimenichosha, samahani. Ukifumba macho hujui uko Chake au Toronto.

Ukitaka maneno ya bibi yaendelee na muziki uko chini, basi hapo hata ala uichague. Maneno ya mtu hufahamika zaidi kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 1,000 na 4,000, na fidla na nai zinalia humo humo. Udi ukipigwa nyuzi za chini unamwachia bibi nafasi. Halafu usifuate namba ya kwenye programu. Weka simu mezani, washa feni, kaa mbali kidogo usikilize. Shusha muziki mpaka upate kila neno la bibi, ukishafika hapo shusha tena kidogo. Laptopuni mimi huuacha muziki desibeli 12 mpaka 15 chini ya msemaji.

Urefu: picha arubaini kwa sekunde nne na nusu kila moja ni dakika tatu. Ongeza bibi na meli, uishie chini ya dakika tano. Picha za utotoni zipe muda zaidi, watu wataulizana "huyo nani aliyembeba?" na watataka kujibiwa kabla hujabadilisha. Hizi za juzi za simu zipitishe haraka, zote tumeshaziona kwenye status.

Usimrudishe bibi arikodi upya hadithi ile ile. Mara ya pili atasema vizuri na hatocheka. Ila nenda chumba kile kile, feni imezimwa kama ilikuwa imezimwa, urikodi ukimya wa chumba nusu dakika. Utakapokata kikohozi au mlango uliogongwa, bandika kile kimya pale, bila hivyo sauti inaruka na kila mtu anajua umekata.

FidlaNaUdi

Fundi kasema kweli, ila kwenye bashrafu nina la kuongeza, mimi ni mpigaji, nipo Unguja.

Si kila bashrafu inafaa kila picha. Ulizia ni ya maqamu gani, yaani imepangwa kwa ngazi gani ya sauti. Saba kwa wengi wetu ni maqamu ya huzuni, ukiiweka chini ya picha za marehemu babu na mtoto mchanga utawaliza watu kabla ya pilau. Rasti imesimama vizuri kwa kufungulia. Nahawandi nayo inakaa vyema kwenye zile picha za Tunguu walipoanza kujuana, ina utamu wenye wasiwasi kidogo ndani yake.

Kuhusu kukata kate: bashrafu ina vipande, vinaitwa khana, na kila khana ikimalizika hurudi kipande kile kile, taslimu. Ukitaka kuifupisha, kata pale taslimu inapoishia. Nani atajua? Ukikata katikati ya khana, hata asiyejua muziki atahisi kuna kitu kimenyofolewa. Sikiliza mara mbili tatu utaitambua taslimu, ndiyo ile utakayojikuta unaiimba jikoni.

Sasa kushusha mtandaoni. Lahani inaweza kuwa ya zamani mno, lakini rikodi ni mali ya waliopiga na waliorikodi. Zanzibar tuna sheria ya hakimiliki ya 2003 na COSOZA, chombo chetu cha hakimiliki, ipo kwa ajili hiyo. Ukumbini hatokuja mtu kukukamata mkono, hilo tuambiane ukweli. Tatizo ni siku ya pili, shangazi aliyeko Muscat atakapoomba video iwekwe Facebook au YouTube. Kule mitambo inautambua wimbo yenyewe, video yako itazuiwa au itanyamazishwa, na bibi ananyamazishwa pamoja na wimbo.

Kwa hiyo mimi ningekwambia utafute mtu akupigie. Udi mmoja, chumba kimoja, simu moja. Vijana waliosoma pale Dhow Countries Music Academy, Mji Mkongwe, wapo wengi, chuo kile kinafundisha tangu 2002. Huko Pemba pia hakosekani mwenye udi ukutani. Mlipe chake, mwandikiane hata kwa ujumbe wa simu kwamba amekubali itumike. Na umpelekee sauti ya bibi kabla ya kupiga, hilo ndilo muhimu. Mpigaji mzuri atapiga bibi anapovuta pumzi na ataacha bibi anaposema, kama tunavyomfuata mwimbaji. Hakuna rikodi ya kushusha itakayokufanyia hivyo, kwa sababu aliyeipiga hakuwa akimsikiliza bibi yako.

Kuna watu watakushauri uweke Siti binti Saad, yule mwimbaji wetu wa taarabu wa zamani, kwenye picha za wazee. Sauti za 1928 zile, zilizorikodiwa Bombay, nami nazipenda mpaka basi. Lakini zimejaa katikati, pale pale penye sauti ya bibi, zina mchakacho wa santuri na zina maneno. Ziache za kusikilizwa zenyewe.

MamaShughuli

Nyinyi wanaume mnazungumza kama ukumbi wa wanawake ni studio. Mnajua kelele za mle ndani? Feni, watoto, sahani, na wale waliochelewa wanasalimiana safu nzima. Udi wa peke yake utaliwa wote. Binti, msikilize FidlaNaUdi kwa kuuagiza huo udi, lakini kwenye picha za baada ya bibi mwambie aongeze mtu wa dumbaki au rika (tari ndogo). Pasi na mapigo hawatageuka kutazama.

Na maneno ya bibi yaandike chini ya picha, kwa herufi kubwa, yaandikwe vile vile alivyotamka. Msiyasanifishe! Nusu ya raha ni kukiona Kipemba kimeandikwa kwenye pazia kubwa la kuoneshea video. Wale wa Mkunazini nao watafahamu, maana kuna maneno ya Wete ambayo mjini hawayapati.

Wifi yako na Bongo Fleva yake usimnyime, harusi ni yake. Iweke mwisho kabisa, bibi keshanyamaza, picha za utotoni zimekwisha, ziko zile za posa na za mwaka huu. Lakini usikilize huo wimbo mpaka mwisho, ubeti kwa ubeti. Nimekaa ukumbini watu wanapigiwa wimbo mtamu kumbe ubeti wa tatu mtu anaachwa. Hata "Malaika", mara ngapi unaisikia harusini? Kijana mle ndani anasema angemuoa lakini mali hana. Mkwe aliyetoa mahari ya watu amekaa mbele, anasikiliza. Na taarabu za rusha roho ndio usiseme, mle kila mtu atadhani kapigwa yeye.

La mwisho, picha za biharusi bila mtandio. Ukumbini sawa, wanawake watupu. Lakini ile ya kuwapelekea akina ami na ya Facebook iwe nyengine, picha hizo uzitoe. Usingoje mtu akukumbushe baada ya shughuli.

BintiKarafuu

Allah awalipe kheri, nimeyasoma yote na mama pia nimemsomea. Mama kakubali bashrafu, ila anataka ajue inapigwa na nani, "nisiletewe mtoto anayejifunza". Wifi kakubali wimbo wake ukae mwisho, sasa tunabishana ubeti upi. Bibi nimemwambia sauti yake itatoka ukumbini, maana nilikuwa sijamuomba rukhsa. Kauliza kama atalipwa na yeye, kisha akasema ile sehemu aliyomtaja jirani niitoe.

Bado Ami. Hapo sijui nifanye nini. Sitaki kumdanganya na sitaki aende harusini kanuna.

MtuWaKonde

Kwetu ukoo mzima uko hivyo, nikwambie tunavyofanya. Dufu na sauti za watu hazijawahi kutuletea neno, mashekhe wetu wengi wanaliruhusu dufu harusini. Kinachokataliwa ni vinanda. Basi tengeneza mbili. CapCut inakuruhusu kunakili mradi mzima, picha zinabaki palepale unabadilisha sauti tu. Ya pili: meli, bibi, halafu kaswida ya dufu. Nenda madrasa ya mtaani kwenu Wete, uombe wale watoto wakusomee moja ya harusi, uirikodi wewe mwenyewe, simu iwe mbali na madufu na karibu na midomo, kwani dufu likipigwa karibu na simu sauti inapasuka. Hiyo ndiyo video ya Ami, na kwa kuwa umeirikodi mwenyewe haina wa kukudai rikodi, na picha za mtandio umeshazitoa, ndiyo hiyo hiyo itakayokwenda kwa shangazi wa Muscat.

Na umwendee Ami kabla, mchukulie hiyo ya dufu akaione nyumbani kwake. Mwambie wazi kwamba ya ukumbini itakuwa na udi. Ataguna. Lakini akiwa ameshajua na ameshapewa yake, ana la kuwajibu watu. Akija kusikia kwa wengine, hapo utakuwa umemvunjia heshima, na udi hautakuwa ndio shida tena.

Sisi mwaka jana ile ya dufu ilipendwa mpaka ikaoneshwa ukumbini na nyengine ikaachwa. Watoto wale wana sauti.

FundiPicha_Chake

Hilo la MtuWaKonde zuri, na mapigo ya dufu ukumbini yanapenya kuliko udi, MamaShughuli hapo hatokuwa na la kusema. Fikiria hata kuyaweka ndani ya ile ya ukumbini, yaingie kwenye picha za posa na za wazee.

Nimalizie na mambo ya mtambo, kwa sababu kazi nzuri nyingi zinaharibikia hapa. Kumbi zetu nyingi miksa (mtambo wa kuchanganya sauti) inapokea waya mmoja kutoka kwenye laptopu, upande mmoja tu. Kama sauti ya bibi iko kushoto na udi uko kulia, mmoja hatosikika, na utakayemkosa ni bibi. Nimeona ukumbi mmoja video nzima ikapita midomo inacheza tu. Unapotoa video hakikisha sauti zote ziko pande zote mbili. Ukichomoa kisikilizio cha sikio moja na bado unasikia kila kitu, kisha ukageuza sikio ukasikia vile vile, umepona.

Usiitume kwa WhatsApp kama video ya kawaida, inabanwa mpaka herufi za bibi hazisomeki. Tuma kama hati, au itie kwenye flashi. Flashi ziwe mbili, moja akae nayo mtu asiyecheza ngoma.

Nenda ukumbini siku moja kabla, saa za jioni, feni zote zimewashwa, uipige yote mpaka mwisho. Simama nyuma kabisa karibu na mlango wa jikoni. Bibi akisikika pale, atasikika kote.

Na mwisho wa video zungumza na MC. Kama biharusi anaingia na ngoma ya beni au kidumbaki, wimbo wa wifi usiufifishe taratibu, ukate pale ubeti unapoisha, pazia liwe jeusi, na wapigaji waanze palepale. Ukiufifisha, kuna sekunde kumi za watu kukohoa na kutafuta viatu vya watoto, na biharusi amesimama mlangoni anangoja. Mpe kiongozi wa kikundi namba ya dakika na sekunde inapoishia, amwekee kijana mmoja atazame pazia. Kama utapenda nikusaidie kuzipanga sauti, niandikie faraghani, nipo Chake wiki yote ila Ijumaa.